Ng'ambo ya Mto wa Kalkata

Mtu asiniambie nitulie. Tangu masika nilikuwa naichora picha ile, kila jioni nikitoka kupaka rangi mapipa ya mgodi hapa Geita, mgongo unauma, nautengeneza mji wa Kalkata kwa rangi za mafuta. Mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao aliniachia sanduku la rangi na kunifundisha namna yake: usichore kila tofali, weka madoa, jicho la mtazamaji litayaunganisha lenyewe. Ukikaribia unaona tope la rangi tu. Ukirudi nyuma unaona mto, mashua, daraja la chuma na taa zinazotetemeka majini.

Mji ule niliujua. Wakati wa Vita Kuu ya Pili nililazwa kule katika hospitali ya jeshi, mguu umevunjika, na kitanda cha pili alilala Maduhu, rafiki yangu wa Kolandoto, karibu na Shinyanga. Homa ikammaliza. Walimpakia kwenye lori, nami nikalitazama dirishani mpaka likavuka daraja na kupotelea ng'ambo. Nilipomwuliza afisa wetu kaburi liko wapi, aliniambia nishughulike na mguu wangu. Mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka.

Sasa mama yake akasikia kwamba mimi, Marselino, nimeuleta Geita mji aliofia mwanawe. Akadandia malori mpaka mlangoni kwangu.

"Shikamoo, mayu," nikamwamkia, yaani mama kwa lugha ya kwao.

"Marahaba, baba."

Nikamketisha mbele ya picha, nikaenda uani kuchemsha chai. Niliporudi amesimama, pua inakaribia kugusa turubai, kisu changu cha kuchanganyia rangi mkononi, anakwangua! Ukingo wote wa karibu ameshaukomba, mashua na watu. Rangi ya mafuta haikauki upesi. Alikuwa ameirundika mbichi kwenye kipande cha kaniki.

Nikatupa birika. "Mama! Umerukwa na akili? Unajua nimeteseka kiasi gani? Rangi zimekwisha, na aliyenipa ameshapanda meli!"

Hata hakugeuka. "Kwetu mtu akifia mbali, huletwa udongo wa kaburi lake tukauzika nyumbani. Bila udongo msiba hauishi. Miaka yote hii mimi niko matangani."

"Hiyo ni rangi!"

"Najua ni rangi. Mimi si mtoto. Serikali ilimchukua mwanangu mzima, hata rangi haikunirudishia. Na wewe uliyekuwa naye, ulirudi na nini?"

Nilitaka kumpokonya kile kisu na kumtoa nje, mama wa rafiki au si mama wa rafiki.

"Basi hata mahali penyewe umekosea!" nikafoka. "Hapo umekwangua soko! Hao ni wauza samaki! Maduhu hakuzikwa hapo. Walimvusha daraja, wakampeleka kule, ng'ambo!"

Mkono wake ukasimama. Akalitazama lile rundo la rangi, akalipangusa lote likaanguka sakafuni, kisha akaninyooshea kisu.

"Nionyeshe."

Ng'ambo nilikuwa nimeipaka zambarau na kijivu, ukungu mtupu. Ndiyo sehemu niliyojivunia kuliko zote. Nikaitazama, nikaona upuuzi wangu: sikujua kule kuna nini, nikapaziba kwa uzuri. Hasira yangu ikamwacha yule mama ikamrudia afisa, ikanirudia na mimi. Nikashika kisu, nikaanza pale daraja linapogusa nchi kavu, nikakwangua kwa nguvu mpaka turubai likabaki tupu. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Mama Maduhu alikinga kaniki chini ya kisu. Nilipomaliza akaiinua puani.

"Ndivyo kunavyonuka huko?"

Ilikuwa inanuka mafuta ya kuchanganyia rangi.

"Ndiyo, mayu," nikasema. "Ndivyo kunavyonuka."

Akaifunga kaniki fundo, akaliweka mgongoni na kulifunga kwa shuka yake, kama wabebwavyo watoto. Halafu akaniuliza lori la Shinyanga linaondoka saa ngapi.