Viatu vya Kushoto vya Alhamisi Kuu

Fundi alikuwa amebana misumari minne kwa midomo na kiatu cha kushoto cha Mzee Besi katikati ya magoti, akigonga kisigino, mkewe alipoingia na beseni la maji ya moto.

"Toa mguu," mkewe akasema.

Fundi akatikisa kichwa. Mtu mwenye misumari mdomoni hana namna nyingine ya kubishana.

Alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yao. Palikuwa na meza fupi, chuma cha kugongea viatu, kopo la gundi ambalo brashi yake haikuwahi kutoka salama, na rafu ya mbao ukutani. Siku hiyo, Jumatano ya Juma Kuu, rafuni kulikuwa na viatu kumi, na cha kumi na kimoja kilikuwa hicho cha magotini. Vyote vya kushoto. Mgeni angedhani parokia nzima imekatwa mguu mmoja.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kila Alhamisi Kuu, kwenye misa ya jioni, padre huwaosha miguu watu kumi na wawili mbele ya altare, kama Bwana alivyowaosha mitume. Paroko wa zamani alikuwa na mgongo mbovu, na kwa miaka ishirini na miwili aliosha mguu wa kulia tu: maji, taulo, anayefuata. Watu wakazoea. Walioteuliwa walisugua mguu wa kulia, wakakata kucha za mguu wa kulia, na wiki moja kabla wakampelekea Fundi kiatu cha kulia, maana ndicho kitakachovuliwa hadharani. Hakuna aliyeona ajabu. Mwaka huu vilikuja kumi na kimoja, akavitia soli na rangi, akavirudisha. Mtu wa kumi na mbili alikuwa yeye mwenyewe.

Kisha Jumapili ya Matawi paroko mpya, kijana mwenye mgongo imara, akatangaza kwamba ataosha miguu yote miwili. Kanisa zima likatulia kama limeambiwa habari ya msiba. Jumatatu asubuhi viatu vya kushoto vikaanza kubisha hodi. Mzee Besi, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya sauti yake nzito kwenye kwaya, alikuwa ameshanyoa na nywele. Petro aliomba aoshwe hadi kichwa, alisema, na kwa paroko huyu huwezi kujua.

Fundi hakumcheka. Anayeshinda na viatu vya watu hujua mengi. Huyu ncha zimelika, ni mtu wa kupiga magoti. Yule kisigino kimoja kimekwisha, husikiliza mahubiri akiwa nje, ameegemea ukuta. Yote hayo Fundi aliyanyamazia, kwa sababu na yeye alikuwa na lake.

Akatema misumari kiganjani.

"Mguu wa nini? Kesho siendi. Nimeshaamua. Katekista akija nitamwambia nina homa."

"Homa itaanza saa ngapi, nijue kama nipike?"

"Mke wangu, usinichezee."

"Sichezi. Hata kama huendi, mguu uoge. Haujafanya kosa lolote."

Fundi akavua kiatu cha kushoto polepole, akautumbukiza mguu majini. Kidole cha mwisho kilikuwa kimempanda jirani yake mgongoni, kama mtoto aliyekataa kushuka, na yule jirani alikuwa ameinama kwa uzito. Hivyo ndivyo vilivyokaa kwa miaka thelathini na mmoja.

Alikuwa bado anajifunza kazi alipojishonea viatu vya harusi, vya kwanza kutoka mikononi mwake. Cha kulia kilikaa vizuri. Cha kushoto kilikuwa kidogo, lakini alikuwa ameshawatangazia wakwe kwamba atafunga ndoa na viatu vyake mwenyewe. Akavivaa. Misa ilipofika katikati machozi yakaanza kumtoka, na hayakukatika hadi mwisho. Bibi harusi akaguswa. Mama mkwe akaguswa zaidi, akasema hadharani kwamba binti yake amepata mume mwenye moyo. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kueleza. Akavivaa kila Jumapili mwaka mzima, ili mtu asiulize vimekwenda wapi.

Mkewe alijua ukweli tangu wiki ya kwanza. Tabu ilikuwa kwa Katekista. Kwa miaka kumi na minane, katika mafundisho ya ndoa, aliwasimulia wachumba juu ya mwanamume wa parokia hii hii aliyelia kwa upendo mbele ya altare. Wachumba wale, wakishaoana, walimpelekea Fundi viatu vyao na kumtazama kwa heshima. Kesho wangekiona kidole. Mmoja angeuliza kimepatwa na nini, na Fundi hakujua kudanganya mara mbili kwa jambo moja. Nani basi angemwamini tena, kama mume au kama fundi?

"Siku za mwizi arobaini," mkewe akasema, akimsugua kisigino kwa jiwe. "Na Kwaresima nayo ndiyo hizo hizo. Wewe umepata miaka thelathini na mmoja. Shukuru."

"Hodi. Tumsifu Yesu Kristo."

Katekista alikuwa ameshafika mlangoni, na mfuko mkononi.

"Milele, amina," Fundi akajibu, na kwa mazoea ya adabu akasimama kumpokea. Mguu ukatoka kwenye beseni, ukasimama sakafuni ukichuruzika maji, na kidole chake juu.

Katekista akautazama. Kisha akatazama dari, kama mtu aliyefungua mlango usio wake.

"Katekista," Fundi akaanza, "kuhusu kesho, mimi nina…" Mkewe akainua macho kutoka kwenye beseni, akasubiri. Neno homa likagoma kutoka. "Nina jambo la kukwambia. Kaa."

Akamweleza yote, toka kipimo hadi machozi. Katekista alisikiliza mfuko ukiwa mapajani.

"Kwa hiyo yale machozi…"

"Kiatu."

"Yote?"

"Labda mawili matatu ya mwisho yalikuwa yake," Fundi akasema, akimwelekezea mkewe kidevu.

"Ahsante," mkewe akasema. "Nimepata zaidi ya nilivyotarajia."

Katekista akauweka mfuko sakafuni. "Miaka kumi na minane nafundisha machozi. Misa ile ilichukua muda gani?"

"Saa mbili na nusu. Kulikuwa na jozi saba za maharusi."

"Na hukuvua?"

"Mbele ya wakwe, Katekista?"

"Wala hukukaa?"

"Ningekaa nisingeinuka tena."

Katekista akatikisa kichwa taratibu. "Basi kuna la kufundisha. Sijui bado ni lipi, lakini lipo."

"Wafundishe kupima miguu, shemeji," mkewe akasema.

Hapo Katekista akacheka hadi akashika mbavu, na Fundi, ambaye alikuwa amejiandaa kwa mengine yote isipokuwa hilo, akajikuta anacheka naye.

"Sasa kesho?" Katekista akauliza, akijifuta macho. "Nitafute mtu mwingine?"

Fundi akautazama mguu wake. Ulikuwa mweupe wa sabuni.

"Homa vipi?" mkewe akauliza.

"Imeshuka," Fundi akasema. "Niweke wa mwisho, upande wa kwaya. Mzee Besi akiuliza, nitamjibu mwenyewe."

Katekista akaufungua mfuko, akatoa kiatu kimoja, kwa haya kidogo. Yeye angeshika jagi la maji, alieleza, na watu hutazama anayeshika jagi. Kilikuwa cha kushoto. Cha kulia alikuwa ameshakitia rangi mwenyewe, wiki iliyopita.

Alipoondoka, mwanga wa dirishani ulikuwa umeanza kufifia. Fundi akamalizia msumari mmoja wa Mzee Besi, akahesabu rafu: sita tayari, vitano gundi haijashika, cha Katekista hakijaguswa. Akaokota kiatu chake cha kushoto kutoka sakafuni. Soli ilikuwa imeachama mbele kama mdomo wa mtu anayesinzia kanisani.

"Mfinyanzi hulia gaeni," mkewe akasema, akimwaga maji nje ya mlango.

Fundi akakiweka mwisho wa mstari, baada ya cha Katekista, akarudisha misumari kwenye kopo lake. Misa ilikuwa saa kumi na moja jioni. Akianza alfajiri, na gundi ikikubali, angekifikia.