Sikusema Tunafurahi

Nilikuwa nimeshapiga magoti, kikapu cha akamwani mikononi, nilipoamua kwamba siinuki. Mgeni alikuwa amechukua punje zake za hiyo kahawa ya kutafuna na anazigeuzageuza kiganjani, kama wanavyofanya wageni wasiojua kama zinatafunwa au zinamezwa. Wanaume wa chama chetu cha ushirika wa kahawa walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, wanawake wenzangu nyuma kwenye mikeka. Kwetu Kishanda mwanamke akishamkaribisha mgeni kahawa kwa magoti, huinuka akarudi jikoni kuangalia ndizi, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Privatus, katibu wa chama na mkalimani wetu, alikuwa amesimama kando ya mgeni, mikono nyuma, akingoja niondoke.

Sikuondoka.

Lakini nianzie mwaka uliotangulia, maana hasira hii haikuota siku moja.

Mwaka ule mgeni huyohuyo, mnunuzi wa kahawa kutoka ng'ambo, alipofika, aliuliza kama akina mama nao wana neno. Wenzangu wakanisukuma mimi, kwa kuwa wanasema mdomo wangu hauna mlango. Nikasimama nikasema kwa Kihaya, tena kwa kirefu. Nilimweleza kwamba sisi wanawake tunachuma kahawa ikiwa nyekundu tu, tunaianika kwenye vichanja, tunaigeuza, tunaikimbilia mvua ikitishia. Nikamweleza kwamba ikifika ghalani inamwagwa pamoja na ile iliyokwanyuliwa mbichi na kuanikwa chini penye kuku, na yote inaitwa kahawa ya chama. Tunataka magunia yetu, nikasema, na jina letu juu yake. Nilipomaliza jasho lilikuwa linanitoka. Privatus akamgeukia mgeni.

"They are happy," akasema.

Basi. Mgeni akatabasamu na kutupungia mkono. Kiingereza changu cha darasa la saba kilikuwa kimebaki vipandevipande, lakini neno happy nilikuwa nalijua. Tuliliimba sana shuleni. Nilirudi kukaa mkekani. Wanaume kadhaa pale walikuwa wanajua Kiingereza kuliko mimi, na hakuna aliyefungua kinywa. Buberwa, mume wangu, alikuwa mmoja wao.

Nilipoenda Bukoba mjini kununua wavu wa waya wa vichanja, nilimsimulia Darshana, mwenye duka. Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa la baba yake, marehemu Thakorbhai. Wahindi wa Bukoba waliobaki unaweza kuwataja kwa majina, na kaka yake, Rajesh, humpigia simu kila Jumapili kutoka Uingereza kumuuliza anafunga duka lini amfuate. Darshana anajua Kihaya cha kuuzia na cha kutukania. Aliposikia habari yangu aliacha kukata wavu.

"Alisema mnafurahi?"

"Alisema."

"Mama Audax, huyo mtu usimpe tena maneno yako ayabebe. Jifunze Kiingereza."

"Nitajifunzia wapi, waitu, na umri huu?"

"Hapahapa. Ukija kununua misumari utaondoka na Kiingereza."

Hakuwa anatania. Kila nilipoteremka mjini alinisimamisha mbele ya kaunta kama mtoto wa shule. Msumari ndani ya boksi, in the box. Msumari juu ya boksi, on the box. Nikikosea anaung'oa msumari mkononi mwangu na kuanza upya, na wateja wangoje. Siku moja aliburuta mfuko wa saruji hadi katikati ya mlango. "Huu uko in the way," akasema, "umetuzibia. Gari linaloleta mingine liko on the way, linakuja." Wateja wakaanza kuuruka ule mfuko, wengine wakinung'unika, na yeye akawaambia wavumilie, kuna mtu anasoma.

On time na in time zilinisumbua mpaka aliponiuliza kuhusu mvua. On time, alisema, ni saa iliyopangwa. In time ni kuwahi kabla mambo hayajaharibika: wingu limetanda na wewe umeshafunika kahawa. Hilo lilinikaa kichwani, maana nimelikimbilia maisha yangu yote. At home alinifundisha bila kukusudia, siku Rajesh alipomkera hadi akaitupa simu juu ya makopo ya rangi. "Rajesh yuko in a house," akasema. "Mimi niko at home. Umeiona tofauti?" Niliiona vizuri, na nikamheshimu zaidi tangu siku ile.

Walinicheka, sikatai. Seremala mmoja aliuliza kama najiandaa kuolewa na mzungu. Nikamwambia Buberwa ananitosha. Nyumbani nilikuwa narudia masomo yangu kibanjani, nikiwasemesha mbuzi na migomba, hata Buberwa akauliza kama nimehama Ulutheri nimeanza kunena kwa lugha. Kulikuwa na sentensi moja niliyoirudia kuliko zote, nayo nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya Privatus peke yake: You are in the way. Niliikariri nikipalilia na nikimenya ndizi, na kila nilipoisema ilizidi kunoga.

Ndiyo maana siku ile nilibaki magotini.

"Asante, Mama Audax," Privatus akasema kwa sauti ya kufukuzia kuku. "Sasa tuachie mgeni."

Nikamtazama mgeni usoni. "Sir," nikasema, "last year I did not say we are happy."

Hata waliokuwa wanatafuna waliacha. Buberwa alikohoa. Mgeni alimtazama Privatus, akanitazama mimi pale chini, kisha akasukuma kiti chake nyuma na kupiga magoti mbele yangu, kikapu kikiwa katikati yetu. Alidhani ndivyo watu wanavyozungumza huku. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba magoti ni ya wanawake. Nyuma yangu mikeka yote iliguna. Wazee kwenye viti wakaangaliana, hawajui kama ni adabu kukaa juu wakati mgeni yuko chini, na Mzee Ildefons akateremka taratibu akakaa kwenye nyasi. Privatus akabaki amesimama peke yake, na hapakuwa na sikio la kuinamia.

"We dry the coffee in tables," nikaendelea, "not in the ground."

"On," Privatus akadakia kutoka huko juu. "On tables. On the ground." Akawageukia wanaume ili wacheke pamoja.

Alikuwa sahihi. Maboksi yote ya Darshana yalikuwa yamenitoka kichwani. Uso uliniwaka, na nilijua kwamba nikinyamaza sasa nitakuwa nimenyamaza moja kwa moja.

"On," nikasema. "Thank you, Privatus."

Nikaendelea. Bila shaka nilikosea pengine pengi, lakini kwa kuwa hakuna aliyecheka, Privatus alichoka kunisahihisha. Nilisema yote ya mwaka uliotangulia: kahawa nyekundu, vichanja, ghala, magunia yetu, jina letu. Mgeni aliuliza polepole, nami nikajibu polepole. Kisha akainuka, magoti yamejaa vumbi, akaomba kuviona vichanja. Privatus akaja kusimama mbele yetu, akasema mgeni ana haraka, ndizi zimeiva. Sentensi yangu ilikuja mpaka ncha ya ulimi. Lakini mgeni alikuwa ameshamzunguka, na mimi nikamzunguka, na wanawake wote wakamzunguka.

Msimu ule kahawa yetu iliondoka Kishanda kwenye magunia yake, jina la kikundi chetu juu yake, na hadi leo ndivyo inavyoondoka. Privatus bado ni katibu na hunisalimia vizuri. Darshana hajafunga duka. Aliponiuliza kama niliitumia ile sentensi, nilimwambia bado ninayo.

Jioni ya siku ile ya mgeni nilimpakulia Buberwa chakula.

"Mwaka jana nilikuwa nimekaa palepale," akasema.

"Ulikuwepo."

"Nilikisikia ulichosema kwa Kihaya. Na alichosema Privatus nilikisikia."

"Najua."

Akaiweka sahani chini, akaniita kwa jina langu. "Koku, wewe ulikuwa unafurahi?"

"Hapana," nikasema, na sikuinamisha macho.