Antena Nyuma ya Kichwa cha Lori

Fahali wa tatu msimu ule alipoivunja antena ya redio ya mawasiliano kwenye lori la Kerryn Dunstall, mama huyo alisema basi, imetosha. Ilikuwa imefungwa pale ambapo malori yote ya Kaskazini huifunga, juu ya lile bampa kubwa la vyuma, na kila mnyama anayelala barabarani huja kugongwa papo hapo. Mara ya mwisho aliendesha kilomita mia mbili redio ikiwa bubu.

"Nifungie huku," alimwambia mzee Ivo, fundi, baba wa marehemu mumewe. Alionyesha nyuma ya kichwa cha lori, ubavuni kushoto, kando ya bomba la moshi. "Hapa hata shetani hafiki."

Mzee Ivo akaweka spana chini. "Mwanangu, hapo unaweka ukuta wa chuma kati yake na njia. Itasikia ubavuni na mkiani. Mbele itakuwa kiziwi, tena bubu."

"Mbele nina macho."

"Macho yako siku hizi yanakata kona?"

"Mzee, anayelala porini bila redio ni mimi au wewe? Funga."

Akafunga, amenuna. Kisha akachukua redio ya mkononi, akaenda mpaka getini. "Unanipata?"

"Nakupata mpaka pumzi. Acha sigara."

Kerryn alicheka peke yake. Mzee alirudi taratibu, akaivuta ile antena mara mbili kuona kama imekaza. "Hatua mia," alisema. "Hata ningeifunga ndani ya sufuria ungenisikia."

Kesho yake mchana Kerryn alitoka na tela tatu, ng'ombe mia na hamsini. Nyuma yake alikuja Dougal Pruett na tangi la dizeli, mtu asiyenyamaza, akamsimulia redioni habari za meno ya mkewe kutoka njia panda mpaka Bwawa la Nne. Kerryn alimsikia vizuri. Akajiona ameshinda.

Halafu likatokea lori la magogo kutoka mbele. Dereva alikuwa ameinua maiki, midomo inacheza. Redio ikakaa kimya. Walipopishana tu, na yule akiwa amebaki nyuma, sauti ikalipuka ndani ya kebini: "...bibie, nakuita dakika kumi nzima! Umelala?"

Kerryn alishika usukani kwa mikono miwili.

Saa tisa alifika Mkato wa Corrigan. Hapo barabara inapasua mlima kilomita nne, upana wa lori moja, kona juu ya kona, na anayeshuka na mzigo hana pa kusimama. Kwa hiyo kuna pipa jeupe kila mwisho. Ukifika pipani unaita chaneli arobaini, unasema unaelekea wapi na una tela ngapi, unahesabu mpaka thelathini. Ukisikia kimya, unaingia. Ndivyo watu wa njia ile walivyoishi miaka yote: kimya ni ruhusa.

"Mkato wa Corrigan, napanda, tela tatu, ng'ombe."

Akahesabu. Kimya. Akaita tena. Kimya.

"Ingia, mama," Dougal alisema. Alikuwa bado bondeni, mtoni, kilomita mbili nyuma. "Mimi huku shimoni sisikii kitu ila wewe. Wewe ndiye sikio letu leo."

Jua lilikuwa linachoma. Nyuma ng'ombe walianza kupiga kwato. Wakikaa kwenye joto hulala, na anayelala hukanyagwa na wenzake mpaka afe. Kerryn akatia gia. Lori likasogea, pua ikafika usawa wa pipa.

Akakumbuka ile midomo inayocheza bila sauti.

Akakata usukani kulia kwa nguvu, kichwa kikaingia kwenye uwanja wa changarawe kando ya pipa, ubavu wenye antena ukatazama mlimani.

"...mara ya sita sasa!" Sauti ya mwanamume, inatetemeka. "Madini, tela nne, nashuka. Breki zimekufa. Kama kuna mtu huko chini, kwa jina la Mungu, atoke!"

Tela zake zote tatu zilikuwa bado zimeziba mdomo wa mkato.

Akakanyaga mafuta. "Dougal! Toka barabarani! Sasa hivi! Anakuja asiye na breki!" Lori lilijikokota, tela moja ikaingia uwanjani, kisha ya pili. Kichwa kilipogeuka, sauti ya mlimani ikakatika kama uzi. Sasa hakujua yule amefika wapi. Alibaki na mngurumo, na mngurumo ulikuwa unakuja.

Tela ya tatu ilikuwa inamalizia kutoka, magurudumu ya nyuma yakiwa bado ukingoni mwa lami. Lile lori la madini likapita hapo hapo, moshi ukifuka chini, likakwangua taa za nyuma na kuziondoa, likaendelea kuteremka bondeni. Vumbi likafunika kila kitu. Ng'ombe walilia.

"Dougal?"

Akaachia kitufe cha maiki, akakibonyeza tena.

"Dougal, sema kitu!"

"Niko majanini," Dougal alisema hatimaye. Hakuwa na mzaha tena. "Amenipita. Ameingia mchangani mtoni. Amesimama. Ni mzima."

Kerryn akalaza paji la uso kwenye usukani. Baada ya muda sauti nyingine ikaja kutoka nyuma, safi kabisa, kama ya mtu aliyekaa naye kebini.

"Mama wa ng'ombe. Nimekuita toka juu. Mbona hukusema kwamba upo?"

Alikuwa amesema. Mara mbili. Akashika maiki, akaiachia. Kisha akatoa spana chini ya kiti, akashuka, akaanza kufungua bolti za antena moja moja kando ya bomba la moshi, lililokuwa bado la moto, likamuunguza vidole.