Zenzi Bila Kengele

Siku niliyoihitaji sauti yangu kuliko siku zote, sikuwa nayo. Niliiacha jana yake jioni kwenye baa iliyo karibu na kanisa, nikitupiana beti na Kassian wa ng'ambo ya kijito. Bondeni kwetu ndivyo tunavyotukanana kwa heshima: mistari minne, vina, ngumi juu ya meza, na anayekosa jibu ananunua bia. Sikukosa jibu. Lakini Kassian ana kifua kama pipa. Alipaza sauti, nikapaza zaidi, akapaza tena, mpaka koo langu likafunga. Ubeti wake wa mwisho uliniuma: eti maziwa ya ng'ombe wetu yanachacha mapema kwa sababu nawaimbia mashairi yangu.

Asubuhi nikapanda na wageni sita, nikiwaongoza kwa kunong'ona na kupunga mikono. Hiyo ndiyo kazi yangu majira ya joto. Saa mbili nawapokea kituo cha basi, tunapita msitu wa misonobari na maporomoko, saa nne tuko malishoni kwa shangazi yangu Burgi wanaonja jibini, kisha tunazunguka bonde la juu, na basi la saa kumi na moja linawarudisha. Yalikuwa matembezi ya mwisho ya mwaka ule. Kesho yake ng'ombe wangeshuka kijijini kwa majira ya baridi.

"Mbona kiongozi wetu bubu?" aliuliza mama mmoja mnene, mwenye viatu vipya vyekundu. Aliitwa Edeltraud, dereva wa tramu mstaafu kutoka mji wa Graz. "Kijana, umepatwa na nini?"

"Mashairi," nikanong'ona.

"Pole. Mume wangu alikuwa na pumu."

Kwa kawaida shangazi hutusubiri mlangoni na kisu cha jibini mkononi. Siku hiyo alikuwa ameketi kwenye benchi, taji la maua la ng'ombe wetu Zenzi mapajani, na sindano imesimama katikati ya waridi la karatasi.

Ng'ombe wetu hushuka na mataji ikiwa tu wote waliopanda mwezi Juni bado wazima mwezi Septemba. Akikosekana mmoja, hakuna anayevaa hata ua moja. Mwaka juzi radi ilituulia mmoja. Mwaka jana mwingine aliteleza gengeni. Mara mbili tulishuka bila maua, watu wakasimama kando ya barabara kimya na kuvua kofia, kana kwamba tunapita na jeneza. Shangazi alikuwa na miaka sitini na tisa na magoti mawili yaliyokwisha kazi. Huu ulikuwa msimu wake wa thelathini na moja, na alikwisha kusema ndio wa mwisho. Tangu Julai alikuwa akishona maua, na mwaka huu alitaka kushuka nayo.

"Zenzi hayupo," alisema. "Hakuja kukamuliwa. Nimesikiliza tangu alfajiri, sisikii kengele yake popote. Ukungu wenyewe unauona. Au masikio yangu nayo yamezeeka?"

Nyuma yake, kwenye msumari wa mlango, kengele ya Zenzi ilikuwa imening'inia. Jana mchana nilimvua ili nimjaribishe ile kubwa ya sherehe, nione kama ukanda unamtosha. Ukamtosha. Nikaivua ile kubwa niing'arishe, nikaing'arisha mpaka nikajiona uso ndani yake, nikajipenda, kisha nikakumbuka kwamba Kassian ananisubiri baa. Ile ndogo sikumrudishia.

"Masikio yako mazima, shangazi," nikasema. "Ni mimi." Nikanyoosha kidole msumarini.

Aligeuka, akaiangalia, akanigeukia mimi. "Romed. Ng'ombe kiongozi wa kundi zima. Ukamwacha shingo tupu kwenye ukungu."

"Ndiyo."

"Ungekuwa si mtoto wa kaka yangu, ningekufunga kengele hiyo wewe, nikufukuze mlimani."

"Nifunge, shangazi. Nitakwenda."

Edeltraud alikuwa amekwisha kuketi kando yake bila kukaribishwa. "Huyo ng'ombe anaitwaje akiitwa?"

"Wote mimi nawaita *sa, sa, sa*, kama mama yangu alivyowaita, na wanakuja. Zenzi ndiye ameharibiwa. Huyu mjinga amemwimbia tangu Juni, sasa bila shairi hageuzi hata sikio." Shangazi akavuta pua. "Tena si shairi. Ni chumvi. Akimaliza kuimba anampa chumvi. Ng'ombe anajua nini habari za vina?"

Nilitaka kubishana, lakini koo likatoa mlio wa mlango mkavu. Nikachukua ramani ya matembezi, nikaandika nyuma yake lile shairi la Zenzi:

*Zenzi njoo, Zenzi rudi,*
*chumvi yako iko hapa,*
*juu huko ni baridi,*
*ukingoja utatapa.*

Wageni wakalisoma. Daktari mmoja wa meno akauliza wimbo wake unakwendaje, nikampigia mdundo kwenye ndoo. Dakika kumi baadaye tulikuwa njiani kwenye bonde la juu, watu sita wakiimba ndani ya ukungu kwa ngazi sita tofauti. Daktari alibana meno kama anayewaogopa wenzake wa kazi. Edeltraud hakuimba, alitangaza: "Zenzi! Chumvi yako! Hapa!" kama anayetaja kituo kinachofuata. Walikuwa wakicheka, na mimi pia, ingawa kila tulipokaribia ukingo nilichungulia chini huku nikiogopa kuona mgongo wa kahawia umelala.

Saa nzima ikapita. Hakuna aliyetujibu. Sauti zao zilikuwa zinafia mita hamsini mbele, kama zimefunikwa blanketi.

"Tunahitaji koo kubwa," alisema Edeltraud, akipumua kwa nguvu. "Nani ana koo kubwa huku juu?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Kijana. Nimekuuliza."

"Yupo mmoja."

"Basi twende kwake."

"Afadhali nile nyasi."

Alinishika mkono wa koti. "Nimeendesha tramu miaka thelathini. Nimeona wanaume wengi waliokataa kuomba nauli kwa jirani, wakabaki wamesimama kituoni kwenye mvua. Wewe ukibaki, anayelowa ni shangazi yako."

Tukavuka kijito.

Kassian alikuwa anaosha ndoo nje ya kibanda chake. Mwezi Julai ndama wake mkubwa alivunjika shingo, kwa hiyo yeye hakuwa na maua ya kushona. Alipotuona tunatoka ukunguni, tumelowa, akaachia meno yote.

"Mshairi! Leo umekuja na mashabiki?"

Nikanong'ona.

"Nini? Sikusikii."

Nikarudia.

"Paza sauti, ndugu. Jana ulikuwa nayo tele."

Damu ilinipanda kichwani. Mbele ya wageni wangu, mbele ya ndoo zake! Lakini nikaliona lile waridi la karatasi na sindano iliyosimama. Nikamsogelea hadi sikioni. "Kassian, nakuomba. Zenzi amepotea. Hana kengele, kosa ni langu. Niimbie shairi langu."

Aliposikia *hana kengele*, meno yakafungika. Akaweka ndoo chini.

"Burgi anajua?"

"Ameacha kushona."

Akachukua fimbo yake. Nilimpa ramani asome maneno, akaisukuma kando.

Alisimama juu ya mwamba ulio kati ya malisho yake na yetu, akatanua miguu, akaimba. Shairi lote. Maneno yangu, mdundo wangu, hata ule mvuto wa neno la mwisho, ambalo mimi hulirefusha kidogo na sikuwahi kumfundisha mtu. *Utataaapa.* Ukungu haukumzuia hata kidogo. Ng'ambo ya bonde mbwa akabweka.

"Umelijuaje?" nikamuuliza.

"Unaliimba kila jioni tangu Juni, wakati mimi nakamua. Nitaziba masikio kwa mikono ipi?" Hakunitazama. "Ng'ombe wangu wawili nao wamekwisha kulizoea. Hasara tupu."

Akaimba mara ya pili. Mara ya tatu, chini yetu, kukatoka mlio mrefu wenye hasira, kama wa mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Ukungu ukapasuka kidogo. Zenzi alikuwa kwenye ukanda mwembamba wa nyasi kando ya mwamba, mzima, anatafuna, na nyuma yake njia ya mbuzi aliyokuwa ameifuata na kuogopa kurudi nayo.

Nilishuka na chumvi mfukoni, Kassian amenishika mkanda wa suruali na Edeltraud amemshika Kassian. Zenzi akalamba kiganja changu, kisha sikio langu lote, kisha akanifuata kama anayetoka sokoni.

Shangazi alikuwa ametembea na magoti yake hayo mabovu hadi getini. Alihesabu ng'ombe wake kwa kidole, akafika kumi na tisa, idadi kamili, akahesabu tena. Kisha akaegemeza uso shingoni kwa Zenzi.

"Ni chumvi," alisema alipoinua kichwa.

"Ni shairi, shangazi."

"Chumvi. Ingieni ndani mle."

Alitukatia jibini ya kijivu, akaimwagia siki na mafuta, akarundika vitunguu juu. Edeltraud alinusa, akafumba macho. "Inanuka kama soksi za marehemu mume wangu," alisema. "Niongezee." Basi la saa kumi na moja likaondoka bila wageni wangu, na hakuna aliyelalamika. Waliketi kuizunguka meza wakimalizia maua, na daktari wa meno akaonyesha kwamba vidole vyake vinajua sindano kuliko koo lake linavyojua wimbo.

Asubuhi mbingu ilikuwa safi. Zenzi alivaa taji lenye kioo katikati na ile kengele kubwa niliyoing'arisha. Niliifunga mwenyewe, shangazi akaja kuukagua ukanda, mara mbili. Kassian alifika kutusaidia kusukuma kundi, akasimama mbali.

"Njoo mbele huku," shangazi akamwita.

"Mama Burgi, mimi mwaka huu sina haki ya maua."

"Nimekupa maua? Maua ni ya ng'ombe. Wewe beba koo lako, tembea na Zenzi."

Tulipofika nyumba za kwanza watu walikuwa wamejaa barabarani, kofia zikiwa vichwani, wakipiga makofi. Shangazi alitangulia na fimbo yake, mgongo umenyooka, analia na kucheka bila kujificha. Hapo Kassian akanikonyeza, akajaza kifua:

*Mshairi wa bondeni*
*kengele kaisahau,*
*vina vimo mfukoni,*
*akili kaidharau!*

Barabara nzima ikaangua kicheko. Nikafungua mdomo. Sauti ilitoka, imekwaruzwa lakini yangu, na jibu nilikuwa nalo.

"Fupi, Romed," alisema shangazi bila kugeuka. "Bia zinatusubiri huko chini."