Phirki Kwenye Kiti cha Baba Yake

Karachi nzima ilimjua Ghazanfar kwa jina la Phirki, kile kijifeni cha karatasi ambacho watoto hukimbia nacho kikizunguka kwa upepo. Jina lilimkaa. Alikuwa akizunguka mara moja tu jukwaani, na akirudi kuwatazama watu amekuwa mtu mwingine: mlinzi wa Kipathani, bibi kizee mwenye tambuu shavuni, mwenye nyumba mpole anayedai kodi huku akiomba radhi. Alianzia redioni, akilipwa kulia kama farasi na kunyesha kama mvua. Filamuni alikuwa rafiki wa shujaa, yule anayetumbukia kisimani ili shujaa apate nafasi ya kuimba. Aliimba, alicheza ngoma, alivaa sari akatongozwa na waume za watu. Kama kuna kazi ya kuchekesha iliyowahi kufanywa kwa Kiurdu na Phirki hakuifanya, basi ilikuwa haijabuniwa.

Mtu mmoja tu Karachi hakuwahi kumcheka, naye alikuwa baba yake.

Mzee Muntazir alikuwa mwombolezaji, mwana wa waombolezaji waliotoka Amroha. Kila Muharram, siku ya nane, majlisi ya kumlilia Imamu Husein mtaani kwao Ancholi ilikuwa ya ukoo wao. Kabla sheikh hajapanda mimbari, mzee hukaa kwenye jukwaa dogo lililotandikwa shuka jeupe, wasaidizi wawili ubavuni, akaimba maombolezo bila ngoma wala ala yoyote. Wasaidizi hawatamki neno. Kazi yao ni kushikilia sauti moja ya chini, isiyokatika, ili beti zipate pa kusimama.

Mzee alikuwa mkali, tena mkali wa kupitiliza. Aliyeimba vibaya mbele yake alisahihishwa papo hapo, awe mgeni, awe ameshika tonge. Watu walilalamika, lakini waliosahihishwa na Muntazir walijigamba hivyo mpaka uzeeni. Mwanawe peke yake ndiye hakusahihishwa tangu siku aliyojiunga na wachekeshaji. Siku ile mzee alisema, "Nyumba hii imezaa kikaragosi," akanyamaza moja kwa moja. Ghazanfar alikuwa akipita uani akiimba kombo makusudi, apate walau kukemewa. Mzee alikunywa chai yake.

Kisha, Muharram ikiwa mlangoni, mzee akapigwa na kiharusi. Aliamka mdomo umevutika upande mmoja, na maneno yakimtoka kama uji. Ndugu walijaa chumbani wakikisia: maji? daktari? Kurani? Mzee akazidi kukasirika.

Ghazanfar akaketi karibu, akautazama ule mdomo, kisha akaupinda wake vilevile, kama pacha wake.

"We mtu huna haya?" Musayyab, mtoto wa ami yake, akamrukia. "Unamwiga mgonjwa? Baba yako mzazi?"

Ghazanfar alivuta lile neno ndani ya mdomo wake uliopinda mpaka akalipata. "Anataka mto upandishwe," akasema. "Na anasema wewe Musayyab uvue soksi zako ukaziweke nje, zinamtapisha."

Mzee alifumba macho kwa raha. Ndivyo alivyokuwa amesema.

Tangu saa ile Phirki akawa mdomo wa baba yake. Aliyetumia maisha kuiba midomo ya watu sasa alikuwa na mmoja wa kuutumikia, na wajomba waliomwona mpuuzi wakawa wanamngoja afike ndipo mazungumzo yaanze.

Likaja suala la siku ya nane. Nani ataongoza?

"Mimi ni mshika sauti tu, sijawahi kutamka hata beti moja," alisema Musayyab. "Tuite watu wa kukodi."

Mzee akanena kitu. Ghazanfar akakipinda mdomoni, halafu akainama kutazama mkeka.

"Amesema nini?"

"Amesema... Ghazanfar."

"Ahaa!" Musayyab akadakia. "Mkalimani kajiteua mwenyewe."

Mzee akainua mkono wake mzima, akamnyooshea mwanawe kidole. Hapakuwa na la kutafsiri tena.

Musayyab alimvuta kando. "Kaka, nisikilize. Si kosa lako, ni uso wako. Watu wakikuona tu wanajishika mbavu. Waje kumlilia Imamu Husein, waishie kucheka? Mbele ya baba yako katika hali ile? Tutauza nyumba tuhame."

Ghazanfar hakumkasirikia. Alikuwa anaogopa jambo hilohilo, tena kuliko yeye.

Kwa hiyo akajiandaa kwa silaha aliyoijua. Aliketi kando ya kitanda, akafumba macho, akaimba kwa sauti ya Muntazir, ya Muntazir haswa, nzito, na ule mtetemo mwishoni mwa beti. Jikoni Mehru, mkewe, aliangusha mwiko. Alikuja mbio akidhani mkwewe amepona.

Ghazanfar akafumbua macho akitabasamu. Mzee alikuwa amefura kwa hasira.

"Sijafa," alisema mzee kwa mdomo wake uliopinda. "Usiniige."

"Sasa niimbe kwa sauti ya nani, Baba?"

"Yako."

Alizo nazo Phirki zilikuwa sauti za mji mzima, ila hiyo aliyoagizwa hakujua aliiweka wapi. Alitoka uani, akajaribu hii na ile. Kila aliyoitoa ilikuwa na mwenyewe.

"Sina, mama Batuli," alimwambia mkewe. "Nimetafuta, sina."

Mehru alikuwa anachambua dengu. Bangili alikwishazivua, kama wanawake wote mwezi ule wa maombolezo. "Mimi niliolewa na kijiji kizima, baba Batuli," akasema. "Mlinzi ninaye, bibi kizee ninaye, mpaka farasi. Lakini asubuhi ukitafuta miwani yako huwa unaimba kidogo, kwa chini. Huyo sijawahi kumsikia jukwaani. Mimi huwa naificha miwani makusudi."

"Kumbe ni wewe!"

"Nenda ukaimbe hivyohivyo. Na isipofaa, miwani nitakurudishia."

Siku ya nane imambara, ukumbi wa maombolezo, ilijaa hadi barabarani, wanaume kwa nguo nyeusi, wanawake nyuma ya pazia. Ghazanfar alipanda jukwaani. Musayyab aliketi kuliani kwake. Kushoto, mahali pa msaidizi wa pili, mzee aliamuru apandishwe yeye, wakamwegemeza kwa mito. Watu walidhani amewekwa pale ili aheshimiwe.

Ghazanfar akainua uso kuwatazama waombolezaji.

Mtu mmoja nyuma akapumua kwa pua. Akajizuia, na kule kujizuia ndiko kulikoharibu. Jirani yake akaambukizwa, naye akaambukiza mstari mzima, mpaka kicheko kikatambaa hadi mbele, kile kicheko cha kuzuiwa kinachotikisa mabega. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamezoea kufurahi wakiuona uso ule, na mwili ulitangulia kabla ya akili. Musayyab aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

Lakini kama kuna kitu Ghazanfar alichokijua duniani kuliko wote waliokuwamo, ni kicheko. Alijua hakikimbiwi. Alijua kina urefu wake, na ukikiacha kinajiishia. Alijua pia kwamba nyuma yake huja ukimya ambao hakuna mahubiri yanayoweza kuuleta, pale watu wakiwa wazi kabisa, hawajajifunga tena. Maisha yake yote aliujaza ukimya ule kwa mzaha mwingine kabla haujapoa.

Safari hii aliuacha upoe. Watu wakafuta macho, wakaona wapi walipo, wakaona haya. Feni za darini zikasikika.

Ndipo akaanza. Alimwimba ndugu yake Imamu aliyekwenda kuwachotea watoto maji mtoni, asirudi. Sauti haikuwa kubwa, na ilikuwa na mkwaruzo kidogo. Ilikuwa ya mtu anayetafuta kitu asubuhi nyumba ikiwa bado imelala. Ubeti wa kwanza uliyumba, na haukuwa na pa kusimama, kwa maana Musayyab kwa aibu alikuwa amesahau kazi yake.

Kisha kushoto kwake ikaja sauti moja ya chini. Haikuwa na neno, wala haikulihitaji. Haikuhitaji hata mdomo ulionyooka. Mzee Muntazir, kiongozi wa waombolezaji wote wa Ancholi, alikuwa ameketi mahali pa msaidizi, akimshikia mwanawe sauti.

Ghazanfar aliikanyaga, akapanda. Musayyab aliinua kichwa, akajiunga. Kilio kilianzia nyuma ya pazia, kwa wanawake, halafu kikawafikia wanaume, na waliokuwa wamecheka zaidi ndio waliojipiga vifua kwa nguvu zaidi. Ghazanfar hakuwatazama. Kwa mara ya kwanza hakujali watu wanafanya nini mbele yake.

Baadaye, haleem, ule uji mzito wa ngano na nyama, ikigawiwa mlangoni, watu walijazana jukwaani kuubusu mkono wa mzee. Mzee akasema kitu, akakirudia kwa ukali. Wote wakamgeukia mkalimani.

"Amesema nini?"

Ghazanfar alikuwa anafuta uso kwa kanzu yake. "Amesema ubeti wa tatu nimeukimbiza."

"Hata leo?" Musayyab alimshika bega. "Pole, kaka. Mzee ni mzee."

"Pole ya nini?" Ghazanfar alikuwa anacheka, machozi yakimtiririka. Akawasukuma watu wote kando, akainama, akamtegea baba yake sikio.

"Na wa nne, Baba?"