Sekunde Saba za Bi King'ora

Siku ya ufunguzi wa ligi ya kulipwa ya wanawake, Bi King'ora alifika ukumbini kabla hata ya wafagizi. Akaketi kwenye meza ya waamuzi, akaifuta mashine ya saa kwa ncha ya mtandio, akabonyeza kitufe chekundu. King'ora kikalia mpaka njiwa wakatimka juu ya paa.

"Mzima wewe," akakiambia.

Alikuwa na miaka sitini na mitatu, magoti mawili mabovu na kinyongo kimoja kizima.

Kinyongo chenyewe kilitimiza miaka arobaini na moja. Enzi hizo wanawake walicheza kikapu kwa hisani: wapiga chapa, wauguzi, walimu, kila mmoja na sketi aliyojishonea, na mpira mmoja uliochakaa ukateleza kama sabuni. Siku ya fainali timu yake ilikuwa nyuma kwa pointi moja, mpira mikononi mwake, saa imebakiza sekunde saba. Katibu wa ukumbi, kijana wa suti na marashi, akainama juu ya meza, akabonyeza king'ora kwa kidole chake mwenyewe.

"Basi, akina dada! Wanaume wanasubiri mazoezi. Nendeni mkapike."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wenzake walilia. Yeye aliuliza tu: kazi ya kukaa karibu na kile kitufe inasomewa wapi? Akaisomea. Akatunza muda wa mechi za shule, za magereza, za mabenki, mpaka jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Leo hatimaye wasichana wangecheza kwa mshahara, majina yao mgongoni, kamera kila pembe, na mtunza muda wa mechi ya kwanza alikuwa yeye.

"Mama," kamisaa wa mchezo alimwonya, mwanamke wa umri wa bintiye, "leo tuko hewani. Saa ikienda kombo hata kidogo, nakuondoa mezani. Sitaangalia mvi."

"Niondoe tu, mwanangu. Mvi zenyewe nimepaka rangi."

Kisha akaja mgeni rasmi, anachechemea na mkongojo. Marashi yalikuwa yale yale. Katibu alimtazama Bi King'ora kama mtu anavyotazama kiti.

"Mama, nimepewa dakika tatu za hotuba. Usinibane. Neno langu kubwa liko mwishoni kabisa."

"Neno gani, mzee wangu?"

"Kwamba ligi hii ni mwanangu. Wakati ule hakuna aliyewataka wasichana hawa ila mimi."

"Ala!"

"Kwani hukujua?"

"Nilikuwa na shughuli nyingine, mzee."

Bi King'ora alikuwa amejiapiza kutulia. Mechi hii alikuwa ameisubiri kuliko alivyosubiri wajukuu. Akatazama safu ya tatu. Walikuwepo wanne waliobaki wa timu yake, mmoja na kifaa cha kusikilizia sikioni, wote wamevaa miwani. Akawaonyesha vidole saba. Wakakaa wima.

Katibu akashika kipaza sauti, na saa kubwa ya ukutani ikaanza kuhesabu kurudi nyuma. Alisifu mdhamini, akasifu kamati, akajisifu kwa kituo na mkato. Dakika moja. Nusu. Sekunde kumi.

"Na sasa niwaambie," akapandisha sauti, "mtu aliyewalea wanawake hawa, mtu huyo ni..."

Bi King'ora akasimamisha saa, akabonyeza.

King'ora kikalia. Fundi wa sauti, aliyeagizwa kuzima kipaza kila king'ora kikilia, akakizima. Katibu akabaki anafungua na kufunga mdomo kama samaki wa kwenye beseni. Ukutani ikasimama namba moja tu: saba.

Wale wanne wakainuka. "Saba! Sita! Tano!" Ukumbi, ukidhani ni sehemu ya shamrashamra, ukaitikia kwa makofi. "Nne! Tatu!" Katibu akaitazama ile namba. Akaitazama safu ya tatu. Akageuka polepole kuitazama meza, na safari hii hakuona kiti.

"Mbili! Moja!"

Kamisaa alishafika mezani. "Mama, nini hiki?"

"Mazoezi ya wanaume, mwanangu." Akamkabidhi kiti kabla hajaambiwa aondoke, akachukua mkoba wake.

Mechi ya kwanza ya ligi aliitazama akiwa amebanwa katikati ya wenzake, bila kitufe, vidole vikimwasha. Wakati wa mapumziko Katibu alikuja, akasimama mbele yao kama mtoto aliyetumwa.

"Ile siku," akasema, "ungefunga?"

Wanne wakamgeukia.

"Pale nilipokuwa?" Bi King'ora akacheka mpaka akakohoa. "Sijawahi kufunga kutoka pale maishani mwangu. Ningekosa, Katibu, tena vibaya." Akavua miwani, akaifuta. "Lakini ningekosa mwenyewe. Haya, sogea. Unatuziba, wasichana wanarudi."