Waulize Wamemzika Wapi

Nimechoka, jamani. Tangu shirika alilofanyia kazi mume wangu libinafsishwe, na kiinua mgongo chake kigeuke kompyuta tatu za intaneti hapa Singida mjini, kazi yangu imekuwa kuwaambia watu wazima kwamba hawajashinda bahati nasibu ya Ulaya. Hawasikii. Wanadhani nina wivu.

Jumatatu akaingia Mama Melkizedeki kutoka Ilongero, kanyoa kichwa kama wanavyonyoa wafiwa kwetu. Nyuma yake alikuwa mwanawe mdogo, Mwalimu Chediel.

"Shikamoo, mama. Kuna nini tena?"

"Marahaba, Loyce. Melkizedeki amefariki."

Melkizedeki ndiye kifungua mimba wake. Alikwenda kutafuta maisha machimboni Zambia, na tangu hapo kimya, si barua wala salamu. Chediel akaeleza kwa sauti ya chini kwamba amepata barua pepe kutoka benki ya nje. Injinia mmoja, Bwana Mghenyi, amekufa kwenye ajali ya ndege akaacha mamilioni, na kwa kuwa jina la ukoo ni moja, yeye Chediel ndiye mrithi. Atume ada kidogo tu, na asimwambie mtu. Mama yake hakuuliza habari ya hela. Aliposikia jina la ukoo alikaa chini akalia, mikeka ikatandikwa, majirani wakaja msibani.

"Andika," akaniambia. "Waulize wamemzika wapi."

Hasira zikanipanda. "Mwalimu mzima! Hebu njoo uone." Nikafungua barua pepe yangu mwenyewe. Benki ile ile, ndege ile ile, ada ile ile, ila marehemu ni Bwana Njou, kwa sababu mimi ni Loyce Njou. "Wanaokota jina kwenye anwani yako, wanambandika marehemu. Benki gani hiyo inakupa urithi kwa siri, halafu inaanza kukudai wewe?"

Chediel akainamisha kichwa. Mama alikuwa ananitazama mimi.

"Kwa hiyo hajafa?"

"Sijui, mama. Hawa hawamjui kabisa Melkizedeki."

Akajipapasa kichwa. "Juzi nilitia komeo mlangoni nikalala, mwanangu. Miaka yote hii nilikuwa nauegesha tu, asije akakuta umefungwa."

Nilitamani ningefunga mdomo wangu.

"Hao watu," akasema, "tukiwauliza kaburi, watajibu?"

Wangejibu, tena leo leo. Wangetaja makaburi, wangetaja na mchungaji aliyezika, halafu wangedai hela ya kulijengea. Nikamwambia hayo yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini kaburi watalitaja?"

"Watalitaja, mama."

"Basi andika."

Mimi adui wa waongo, nikachomoa waya chini ya meza kwa mguu. "Mtandao umekata."

"Haya," akasema, akijifunga kitenge chake vizuri. "Nitarudi kesho."